Mbu wa Bondeni

Kabla ya 1900, daktari Mjerumani Robert Koch alifika Usambara akawauliza wenyeji wa milimani kuhusu homa. Wakamwambia: tukishuka bondeni tunaugua. Homa hiyo, yaani malaria, waliiita mbu, na mdudu aliyewauma huko chini naye wakamwita mbu. Jina moja!

Leo bado utasikia mtu akisema malaria imeletwa na mahindi mabichi, ama kunyeshewa. Hapana. Mvua ikinyesha mahindi hukomaa, na mbu nao huzaana. Ndiyo maana vinakuja pamoja.

Anayeambukiza ni anofelesi jike. Mtazame ukutani: ametua kichwa chini, mkia juu kama mwiba. Akinyonya damu ya mgonjwa, vimelea vya malaria hukaa tumboni mwake kama siku 10 hivi, vikikua, hadi vifike kwenye mate yake. Hapo ndipo akikuuma anakuachia vimelea hivyo. Huuma usiku zaidi, kwa hiyo chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro kabla watoto hawajalala. Kile ulichofugia vifaranga, mama, kirudishe kitandani.

Watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2021. Chanjo hiyo haikingi wote, hivyo mtoto akichemka mwili, mpeleke zahanati leo hii akapimwe. Akikutwa na malaria, dawa mseto azimalize zote, hata akianza kucheza siku ya pili.