Viazi vya Ireland na Migomba ya Kwetu

  Mwenye daftari na alifungue, maana leo tutaandika miaka kadhaa.

Mtu aliyewahi kuvuka mpaka pale Mutukula kwenda Uganda amesikia viazi mviringo vikiitwa "airishi" sokoni. Maana ya neno hilo ni viazi vya Ireland. Ireland ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, nchi ya mvua nyingi na majani mabichi, na watu wake tangu zamani ni wakulima na wafugaji. Lakini viazi si vya Ireland hata kidogo. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, vikaletwa Ulaya kwa meli. Waairishi walivipenda mno, hata watu wengine wakadhani ni vyao tangu kuumbwa kwa dunia. Tusiwacheke. Mgomba nao asili yake ni Asia, lakini mwambie mzee wa Ihangiro kwamba mgomba ni mgeni, uone atakavyokutazama.

Kwa nini walipenda viazi? Sababu kubwa ilikuwa ardhi. Zamani sehemu kubwa ya ardhi ya Ireland ilikuwa mali ya mabwana wachache, na baadhi ya mabwana hao walikaa Uingereza. Mkulima alikodi kipande kidogo. Ngano yake, shayiri yake na nguruwe wake viliuzwa ili alipe kodi. Kilichobaki kwa kula ni viazi, kwa sababu kishamba kidogo cha viazi huweza kulisha nyumba nzima. Mwanamume wa kazi aliweza kula kilo tano kwa siku, na maziwa kidogo juu yake. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa zaidi habari ya kulima ardhi ya mtu mwingine. Waliijua nyarubanja, ambayo Serikali iliiondoa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968.

Basi, andikeni mwaka 1841. Mwaka huo watu wa Ireland walihesabiwa, wakawa zaidi ya milioni nane. Kadiri ya theluthi moja kati yao waliishi kwa viazi, pasipo chakula kingine cha kutegemea.

Sasa andikeni mwaka 1845. Mwaka huo ugonjwa uliingia mashambani. Majani yalipata madoa meusi, mashina yakanyauka, na mtu akichimba alikuta viazi vimeoza na kunuka. Ni ugonjwa ule ule ambao wakulima wa viazi hapa Tanzania huuita bakajani, nao hupenda ukungu na mvua. Mwaka wa kwanza uliharibu sehemu tu ya mavuno. Mwaka wa 1846 uliharibu karibu yote.

Hapa nataka tukae kidogo. Viazi havipandwi kwa mbegu kama maharage. Unafukia kiazi, nacho huzaa viazi vilivyo sawasawa na mama yao. Waairishi maskini wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper, kwa kuwa ilizaa sana hata penye udongo dhaifu. Kwa hiyo shamba la Juma na shamba la jirani yake yalikuwa kama mmea mmoja uliogawanywa. Ugonjwa ulioweza kuua mmoja uliweza kuua yote. Na sisi je? Mgomba nao hatupandi mbegu. Twachukua chipukizi, tukalipeleka kwa shemeji, naye akampelekea mwanawe.

Mpaka mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na kwa maradhi yanayofuata njaa. Wengine zaidi ya milioni moja walipanda meli kwenda ng'ambo, wengi wao Marekani. Na jambo hili msilisahau: katika miaka hiyo hiyo meli zilitoka Ireland zikiwa zimepakia nafaka, ng'ombe na siagi kwenda kuuzwa Uingereza. Chakula kilikuwamo nchini. Lakini kilikuwa cha kuuzwa, na mwenye njaa hakuwa na fedha.

Habari zao za baadaye nitazipita upesi. Kwa sheria kadhaa, iliyo kubwa ikiwa ya mwaka 1903, wakulima walisaidiwa kununua ardhi waliyokuwa wakiikodi. Tangu mwaka 1889 wafugaji walianza kuunda vyama vya ushirika vya kutengeneza siagi, kama wakulima wa kahawa wa hapa kwetu walivyounda chama kikuu cha ushirika cha Bukoba mwaka 1950. Sehemu kubwa ya kisiwa ilipata kujitawala mwaka 1922. Leo Ireland huuza ng'ambo siagi, nyama na dawa za hospitali, na makampuni makubwa ya kompyuta yana ofisi zake huko. Ni nchi tajiri. Lakini kisiwa kizima leo kina watu kama milioni saba, yaani bado hawajafikia hesabu ya mwaka 1841. Lugha yao ya asili nayo ilipungua sana, kwa sababu waliokufa na waliohama wengi wao walikuwa ndio wasemaji wake.

Sasa turudi nyumbani. Andikeni mwaka 2006. Ndio mwaka ambao mnyauko wa migomba ulitambuliwa hapa nchini, na ulionekana katika wilaya yetu hii ya Muleba. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Naukumbuka mgomba wa kwanza nyuma ya jiko letu: majani yalikuwa ya njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na ndizi ziliiva kabla ya wakati. Mama alikata moja, ndani ikawa na rangi ya kutu. Alipokata shina, ukatoka usaha wa njano. Mtaalamu wa kilimo akamwambia ang'oe shina lote na vichipukizi vyake. Mama alikaa siku tatu bila kushika jembe. Akasema, "Mgeni akija nitampikia nini?" Hakulia kwa ajili ya shibe yetu sisi watoto, aliogopa aibu ya kumpa mgeni chakula kisicho ndizi.

Baadaye tulikuja kufahamu jambo la kutia uchungu zaidi. Panga letu lilikuwa limeazimwa na nyumba tatu za jirani. Ugonjwa huu husafiri kwa panga, kwa chipukizi, na kwa nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, yaani lile fundo jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Hakuna aliyetuletea kwa ubaya. Huenda sisi ndio tuliowapelekea wengine kwa wema wetu.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa. Lakini twaweza kuuzuia. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu. Pitisha panga motoni, au lioshe kwa jiki, kabla ya kuhamia shina jingine. Shina lenye ugonjwa likatwe mara moja usawa wa ardhi. Na chipukizi lisilojulikana limetoka wapi lisiingie kibanjani, hata likiletwa na mkwe. Najua hili ndilo gumu. Kwetu kumnyima ndugu chipukizi ni kama kumnyima maji ya kunywa. Mama yangu alipata njia yake: humwambia ndugu, "Njoo ule hapa," na panga lake halitoki nyumbani.

Wengine hudhani kwamba kupanda aina nyingi za ndizi kunatosha. Kwa ugonjwa huu hakutoshi, kwa kuwa hushambulia karibu aina zote tulizo nazo. Chakula kingine chahitajiwa: maharage, magimbi, viazi vitamu, mahindi. Muhogo pia, ingawa nao una batobato na michirizi ya kahawia, basi tafuteni mbegu safi kwa maafisa ugani. Na kahawa? Kahawa hatushibi kwayo. Ni kama ile ngano ya Waairishi: huenda mbali, na bei yake hupangwa mbali.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mwanakisomo apite kibanjani mwake asubuhi, aandike katika daftari kila kinacholiwa kilichomo ambacho si ndizi, na mbele yake aandike kwa tarakimu ni miezi mingapi chakula hicho kingelisha nyumba yake. Asiyeweza bado kuandika jina zima la zao aandike herufi yake ya kwanza, na mwalimu atamsaidia kulimalizia. Wiki ijayo tutazijumlisha hesabu hizo pamoja. Kwaherini.