Drili ya Mezani ya Bei Nafuu: Tuipime Kabla ya Kuilipia



Katika mkoa wa Singida, mkoa wa alizeti, karakana nyingi zimo uani mwa nyumba. Fundi anayeunda kitanda cha chuma au kukarabati kikamulio cha mafuta hupata taabu kunyoosha matundu kwa drili ya mkononi, ndiyo maana wengi huulizia drili ya mezani ya bei nafuu. Hatusemi kuwa unafuu ni kosa. Tunasema kuwa upo upungufu unaorekebishika nyumbani na upo usiorekebishika, na mnunuzi hana budi kuutofautisha akiwa bado dukani.

Usiorekebishika kwa urahisi ni shafti iliyopinda. Mwombe muuzaji afunge fimbo ya chuma iliyonyooka mahali pa biti. Umeme ukiwa umechomolewa, sogeza ncha ya penseli karibu na fimbo, kisha izungushe kwa mkono. Nafasi kati yake ikipanuka na kupungua, jaribu fimbo nyingine. Hali ikiwa ileile, iache mashine hiyo. Teremsha shafti na uitikise kando: ikicheza waziwazi, iache pia. Soma na kibao cha mota. Umeme wetu ni volti 230; mota ya volti 110 itaungua ukiichomeka moja kwa moja.

Yaliyosalia ni kazi ya Jumamosi moja. Ifunge drili kwa bolti juu ya meza nzito, kwa kuwa nyepesi hupinduka. Kwa kutoboa chuma, weka mkanda kwenye puli ndogo ya mota na puli kubwa ya shafti ili mwendo upungue. Biti nyingi zinazolaumiwa kuwa ni bandia zimeunguzwa na mwendo mkali tu. Tone la mafuta husaidia. Hata ya alizeti yafaa, ila yafutwe baadaye, maana hunata kama gundi.

Chuma kinachotobolewa kifungwe kwa jiliwa, kisishikwe kwa mkono. Glovu zivuliwe: biti huzinasa ikavuta vidole pamoja nazo.

Dai risiti ya EFD inayotaja mashine yenyewe, na udhamini uwe wa maandishi. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia yapelekwe FCC. Ya ubora, TBS. Risiti iende pamoja nayo.