Nani Anamlipa Yule Anayekushauri?



Leo hatutazungumza juu ya wakubwa. Tutazungumza juu yetu sisi wenyewe. Niko na swali moja tu, na ninaomba kila mmoja aliweke mfukoni aende nalo nyumbani: wakati mtu anakuambia «nenda kwa fulani, ule njo muzuri», umekwisha kuuliza nani anamlipa juu ya neno lile?

Nitaanzia mbali, Marekani. Juu ya nini Marekani? Juu kule jambo hili liko kwenye sheria tangu zaidi ya miaka 50, na kesi zake ziko wazi, kila mtu anaweza kuzisoma. Tena si mbali sana nasi. Familia nyingi za kwetu zilipokelewa kule kama wakimbizi, na kati yao kuna wale ambao leo wanatafuta kununua nyumba. Kiisha tutarudi huku kwetu, kwa komisioneri wa avenyu yako.

Kule watu wengi hawanunui nyumba kwa makuta ya mkononi. Wanakopa. Banki ama kampuni ya mikopo inamlipa muuzaji, na mnunuzi anarudisha polepole, mara nyingi kwa miaka 30. Asipolipa, nyumba inachukuliwa. Ndiyo ile inaitwa ipoteki. Katikati ya muuzaji na mnunuzi anasimama dalali wa nyumba. Sasa mtu ananunua nyumba mara ya kwanza maishani. Hajui banki gani iko na riba ndogo, hajui karatasi gani inadanganya. Anamgeukia dalali: «Mkopo nitaupata wapi?» Dalali anajibu: «Nenda kwa fulani, tunafanya naye kazi siku mingi.»

Hapo njo shida inaanzia. Kama dalali anasema vile kwa sababu fulani iko na masharti mazuri, ule ni ushauri. Lakini kama anasema vile kwa sababu fulani anamtumia bahasha kwa kila kichwa anachomletea, ule si ushauri tena. Ni biashara, na bidhaa inayouzwa ni wewe.

Mtu atasema: «Lakini mnunuzi hapotezi kitu. Banki njo inatoa makuta, si yeye.» Tufanye hesabu. Mtu anakopa dola 200,000 kwa miaka 30. Kwa riba ya 6.5 kwa mia analipa karibu dola 1,264 kila mwezi. Kwa riba ya 7 kwa mia analipa karibu dola 1,331. Tofauti ni dola 66 hivi kwa mwezi. Kidogo, sindiyo? Zidisha kwa miezi 360: inakaribia dola 24,000. Mtu aliyepelekwa kwenye mlango wa pili wakati mlango wa kwanza ulikuwa wazi, amepoteza makuta yale yote bila kuona mwizi. Na bahasha ya dalali ilitoka wapi? Kampuni ya mikopo haichumi makuta kwenye mti. Kila kitu inachotoa, inatafuta namna ya kukirudisha, na anayelipa kampuni ni mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi amemlipa mtu ili ampoteze njia.

Ndiyo maana bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1974 sheria juu ya gharama za kununua nyumba. Watu wanaiita kwa kifupi RESPA. Kifungu chake cha 8 kinakataza kutoa ama kupokea malipo, ama kitu chochote chenye thamani, kwa kumpeleka mteja kwa wale wanaotoa mikopo na huduma zingine za kununua nyumba. Angalia vizuri: anayetoa na anayepokea, wote wawili wanakosa. Azabu inaweza kufika dola 10,000 na mwaka moja wa gereza, na mteja anaweza kudai mara tatu ya kile alicholipishwa kwa huduma ile.

Lakini sheria ile haikusema kila malipo ni dhambi. Inaruhusu kumlipa mtu kwa kazi aliyofanya kweli, kwa beyi inayolingana na kazi. Na kama dalali na kampuni ya mikopo ni watu wa nyumba moja, lazima mteja aambiwe kwa maandishi kama wako pamoja, aonyeshwe makadirio ya beyi, na asilazimishwe kwenda kule. Tushike tofauti ile, tutaihitaji: kulipwa kwa kazi, sawa. Kulipwa kwa kugeuza kichwa cha mtu, hapana.

Je, watu walitii? Wengine walitii, wengine walibadilisha jina la bahasha. Januari 2017, shirika la serikali ya kule linalochunga haki za wateja wa banki lilitoza kampuni ya mikopo Prospect Mortgage faini ya dola milioni 3.5. Shirika lilisema kampuni ililipa madalali juu ya kuletewa wateja, na mikataba kwenye karatasi ilikuwa na majina mazuri: ya matangazo, ya kukodi nafasi katika ofisi. Tena kulikuwa madalali waliowalazimisha wanunuzi kupita kwanza kwa kampuni ile, hata wale waliokuwa wamekwisha kukubaliwa na kampuni ingine. Agosti 2023, kampuni ingine, Freedom Mortgage, ikatozwa dola milioni 1.75. Huku mara hii kulitajwa makuta, tiketi za bure, karamu, na huduma za kulipia ambazo madalali walipewa bila kulipa. Yaani rushwa haivai nguo moja. Leo ni bahasha, kesho ni bia na tiketi ya mechi.

Na somo lingine: sheria bila macho inalala. Desemba 2024 shirika lile lilifungua kesi kwa kampuni Rocket Homes, ikisema inawapa madalali vitu ili wapeleke wateja kwa kampuni ndugu yake ya mikopo. Kampuni ilikataa. Kiisha uongozi wa shirika ukabadilika, na Februari 2025 kesi ikafutwa, bila korti kusema nani alikuwa na haki. Sheria ya 1974 iko palepale kwenye kitabu. Lakini kitabu hakitembei chenyewe. Kinatembea kwa miguu ya watu.

Sasa turudi kwetu.

Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1973 inajua ipoteki. Lakini hapa tulipo, wangapi wamejenga kwa mkopo wa banki wa miaka 30? Karibu hakuna. Tunajenga kwa likelemba, kwa makuta ya ndugu aliye ngambo, mufuko moja wa simenti kiisha mwingine. Wengi wetu tunapanga. Basi mtu atasema mambo ya Marekani hayatuhusu. Yanatuhusu, juu yule mtu wa katikati tuko naye. Jina lake komisioneri.

Unatafuta nyumba ya kupanga ama parseli ya kununua. Unamwendea komisioneri kwa sababu anajua mji. Unamlipa komisioni. Mpaka hapo hakuna ubaya: ametembea, amepiga simu, amekupeleka kwenye nyumba sita chini ya jua. Matunda ya miguu yake ni haki yake.

Lakini jiulize: mwenye nyumba naye amempa ngapi? Na kama komisioni inahesabiwa kwa mwezi wa loyer, loyer ikipanda, nani anafurahi? Wewe unafikiri uko na mtu wa kukutetea katika kujadili beyi, kumbe yule mtu anakula zaidi ukishindwa. Akikuambia «nyumba hii ina watu watatu wanaitaka, toa makuta leo», ni ukweli ama ni tumbo lake linasema? Akikupeleka kwa mtu «wake» wa kupima parseli, ama kwa koperative «yake» ya kukukopesha, ni kwa sababu ni wazuri, ama juu kuna kitu kinarudi?

Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupangisha nyumba, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3 ya loyer. Miezi mitatu. Lakini unajua unaombwa ngapi. Na komisioneri, ambaye anaona mikataba mingi kuliko sisi wote, anaijua sheria ile ama anaweza kuijua. Anaponyamaza mbele ya mama mjane anayeombwa miezi 6, anyamaze juu mwenye nyumba amemuahidi kitu, ukimya wake umenunuliwa. Na aliyeulipia ni yule mama.

Ninajua kati yenu mulio hapa muko na makomisioneri. Sikuje kuwatukana. Ninajua mutaniambia: «Kazi haiko. Diploma iko kwenye sanduku. Tutafanya aje?» Ni kweli. Mtu aliyemaliza chuo na anakula kwa kutembeza watu kwenye nyumba si adui wetu. Lakini tuambiane ukweli: njaa inaeleza kitu, haikifanyi kuwa haki. Polisi anayekusimamisha barabarani bila sababu naye anasema mshahara haufiki. Tunamkatalia. Hatuwezi kumkatalia yeye kiisha tujiruhusu sisi, eti juu yetu ni komisioni na yake ni rushwa.

Wengine watasema: «Basi nitamwambia mteja kama mwenye nyumba ananipa kitu, imekwisha.» Ni hatua nzuri, lakini angalia unamwambia lini. Ukimwambia akiwa amekwisha kutoa makuta, umemwambia mtu wa kuzama kama mto una maji. Umwambie mbele, uandike kiasi, na umuachie njia ya kukataa bila kumtisha. Kama moja katika hayo matatu inakosa, kusema kwako ni mapambo.

Na kuna kitu kinachopita makuta. Mji wetu unaishi kwa kuaminiana. Banki ni chache, korti ni ndefu, karatasi zinachezewa. Kinachobaki ni neno: «Ninamjua, ni mtu wa kweli.» Kwa neno lile tunapata nyumba, kazi, dawa, hata mchumba. Siku neno lile lina beyi ya siri, maskini njo wa kwanza kupoteza, juu tajiri anaweza kulipa avoka amwangalilie. Maskini ana neno la jirani tu.

Kwa hiyo ninapendekeza tutoke hapa na mambo manne.

Moja: kila unapopelekwa kwa mtu, kwa nyumba, kwa mkopo, uliza kwa heshima: «Yaya, ama kaka, nikifanya naye, wewe unapata nini, na nani anakupa?» Mtu wa haki hatakasirika. Akikasirika, umekwisha kujibiwa.

Mbili: usikubali mlango moja. Uliza beyi kwa watu wawili ama watatu. Na wale walio na ndugu Marekani, wapigieni simu: wasichukue mkopo wa kwanza walioonyeshwa na dalali, walinganishe.

Tatu: wewe komisioneri, chagua nani ni mteja wako. Ukilipwa na mpangaji, mtumikie mpangaji. Ukilipwa na mwenye nyumba, sema wazi kama wewe ni mtu wa mwenye nyumba. Andika komisioni yako kwenye karatasi na utoe risiti. Wale watakaofanya vile, sisi wenyewe tutawatangaza kwa marafiki, na hatutawaomba hata franka moja kwa kuwatangaza.

Nne: sheria ya 2015 tuisome pamoja, kwa Kiswahili, kartie kwa kartie. Mpangaji anayeijua ile miezi 3 ni vigumu kumuuza.

Tunadai wakubwa waonyeshe mikataba ya madini, waonyeshe mali yao, waonyeshe nani amewalipa. Ni haki yetu kudai. Lakini mdai naye aonyeshe mikono. Kesho kuna mtu atakuja kukuuliza: «Ninaweza kumwamini nani?» Atakuwa amekupa kitu kikubwa kuliko komisioni yoyote. Umjibu bure, ama umwambie beyi.