Baada ya Kidato cha Nne, Nani Atakuonyesha Njia?



Ndugu yangu msomaji, dada yangu, na nyinyi wazazi wetu mnaosoma ukurasa huu huku uji wa futari ukichemka jikoni: haya ni mazungumzo niliyoyatoa hapa Nyeri baada ya swala ya Alasiri, siku ya vijana. Wahariri wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila pale nilipokatizwa na adhana nimemalizia hapa.

Ama baad.

Shule niliyosoma ilikuwa na ofisi ya ushauri nasaha. Mlango wake ulikuwa mwisho kabisa, karibu na stoo ya vitabu. Kwa miaka minne niliingia mle mara moja tu, tena niliitwa kwa kosa la kutoroka prepo. Na ukitoka mle, si unajua, wenzako wote wanakuuliza swali moja: umefanya nini?

Mwisho wa kidato cha pili tukapewa karatasi tuchague masomo. Mimi nikaacha Fizikia. Sababu? Rafiki yangu ameiacha. Hakuna aliyeniuliza, "Wewe kijana, unataka kuwa nani?" Mwalimu hakuuliza, baba hakuuliza, na ustadh wangu wa madrasa, aliyejua mpaka juzuu niliyokuwa nikiikwepa, naye hakuuliza. Miaka miwili baadaye nikapata B, alhamdulillah, nikataka kusomea uhandisi wa umeme. Nikaenda saiba kujaza maombi. Kijana wa saiba akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Hii haiwezi, huna Fizikia." Mtu wa kwanza kunipa ushauri wa kozi maishani mwangu alikuwa kijana wa saiba, na akanitoza shilingi hamsini.

Leo nasomea ualimu, Kiswahili na IRE, na wallahi naipenda kazi hii. Sililii uhandisi. Ninachosema ni kwamba mlango ule ulifungwa nikiwa na miaka kumi na sita, na mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga bila kujua kama ni mlango.

Sasa usikimbilie kumlaumu mwalimu wa ushauri. Hebu tukumbuke ofisi zile zilipata nguvu wakati gani. Mwezi wa Mei 1999, hapa hapa kwetu, viranja wanne wa Nyeri High walichomwa moto usiku na wanafunzi wenzao, wakafa. Machi 2001 moto wa Kyanguli, kule Machakos, ukaua wanafunzi wengi zaidi. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ikapiga marufuku viboko, na shule zikaambiwa zitumie ushauri nasaha. Kwa hiyo ofisi ile ilipewa kazi ya kuzima moto: utundu, migomo, dawa za kulevya, msiba wa mzazi. Yote hayo ni muhimu. Lakini kazi ya kumwonyesha mtoto njia ya baada ya shule ikabaki kwenye kona. Na mara nyingi mwalimu mwenyewe ana vipindi vyake vya Kemia au Historia kama mwalimu mwingine yeyote, ushauri ni mzigo wa juu ya mzigo.

Basi anapopata nafasi ya kuzungumza na kidato cha nne, anazungumza juu ya nini? Chuo kikuu. Mabango ukutani ni chuo kikuu, mgeni wa siku ya maombi ni mtu wa chuo kikuu. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, yaani gredi ya kuingilia digrii, walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya wanne. Kwa maana hiyo, ukisimama mbele ya darasa ukahubiri chuo kikuu peke yake, watatu kati ya wanne unawaambia, kwa adabu, kwamba hawapo.

Na wapo! KUCCPS, ile taasisi iliyochukua nafasi ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, haipangi watu wa digrii tu. Ukiwa na C- unaweza kuomba diploma. Ukiwa na D, cheti. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi ambazo hata mwenye E hafungiwi. Tazama tulipo: Nyeri National Polytechnic iko hapa, Meru National Polytechnic iko upande wa pili wa mlima, KMTC ina chuo hapa Nyeri. Mwenye kufikisha gredi ya digrii ana Dedan Kimathi, matatu moja tu kutoka mjini. Ana Karatina, Kirinyaga kule Kutus, Embu, Chuka, na Meru. Mlima huu umezungukwa na vyuo kama kuku na vifaranga wake. Lakini kijana wa Majengo ya Nanyuki atakuambia hajawahi kuingia geti hata la kimoja.

Kuna jambo la hesabu nataka wazazi walielewe, maana hapa ndipo watu wengi huanguka. Gredi ya jumla na pointi za kozi ni vitu viwili tofauti. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutazama Hisabati, lugha moja, na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Lakini kozi ya chuo kikuu ina kundi lake la masomo manne, na pointi za kundi hazizidi 48, yaani A nne za pointi 12 kila moja. Ndiyo maana wawili wana B sawasawa, mmoja anachukuliwa na mwingine anaachwa. Tena kuna kozi zenye sharti la somo moja: sheria inataka angalau B ya Kiingereza au Kiswahili, ualimu unataka C+ katika masomo yale mawili utakayofundisha. Pointi za mwisho zilizochukuliwa mwaka uliopita zimeandikwa kwenye tovuti ya KUCCPS, kozi kwa kozi. Si siri. Mwalimu akizichapisha karatasi chache akazibandika ukutani mwanzo wa kidato cha tatu, atakuwa amewasaidia watoto kuliko wageni watatu wa siku ya maombi.

Na yule ndugu yetu ambaye hakufika kidato cha nne, yuko gereji tangu ana miaka kumi na tano, anafungua injini akiwa amefumba macho? Huyo naye ana njia. NITA hutoa mtihani wa ufundi kwa daraja tatu: unaanzia la tatu, unapanda la pili, kisha la kwanza. Hakuna anayekuuliza gredi ya KCSE kabla ya kukupima mikono. Fundi mwenye cheti na fundi asiye na cheti huenda wanajua kazi sawasawa, lakini kampuni ikitaka kuajiri, mmoja ana karatasi ya kuonyesha na mwingine ana maneno.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua wengi mnalingoja: pesa.

HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa mwaka 1995, hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi pia. Mkopo wa digrii una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Hapo ndipo mtoto wa Kiislamu husimama. Mimi si mufti na sitatoa fatwa kwenye jarida. Muulizeni sheikh wenu. Lakini muulizeni lini? Hilo ndilo langu. Nimeona kijana amepata nafasi, barua ya kujiunga iko mkononi, zimebaki siku tisa, ndipo nyumbani mjadala wa riba unaanza! Baba anasema hapana, mama analia, mjomba anasema ni dharura. Nafasi ikapotea. Swali hilo lilikuwepo tangu mtoto yuko kidato cha kwanza, na familia ilikuwa na miaka minne ya kulijibu.

Na anayeikataa riba asiachwe mikono mitupu. Mpango wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 ulitenganisha ufadhili wa serikali na mkopo, kwa hiyo soma fomu vizuri ujue unaomba kipi. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, tangu 1983, ina mpango kwa jamii za Waislamu wa nchi ambazo si wanachama, na Kenya si mwanachama. Mwanafunzi hurudisha alichopewa bila riba, na pesa hizo hurudi kuisaidia jamii yake. Wenye nia ya elimu ya dini wanaijua Madina, chuo kilichofunguliwa 1961, lakini wachache wanajua kwamba kina masharti ya umri na ya muda tangu upate cheti cha sekondari. Ukikaa nyumbani ukisema "nitaomba tu," miaka inakula sharti. Mbale, Uganda, kuna IUIU tangu 1988. Hapa kwetu Kajiado kuna Umma University. Serikali ya Uturuki nayo hufungua maombi kila mwaka, mara nyingi kuanzia Januari. Basari za kaunti na za eneo bunge zinapotangazwa, omba, ila usijenge nyumba yote juu ya nguzo hiyo.

Halafu kuna jambo dogo linalochosha watu. Majina! Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohammed, na kwenye madrasa tunamwita Mudi. Kompyuta haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Wazazi, toeni hizo karatasi sandukuni usiku huu baada ya tarawehe, muweke zote juu ya meza, msome herufi kwa herufi. Kama kuna kosa lirekebishwe kabla mtoto hajaandikishwa mtihani.

Wenye watoto wadogo wasidhani haya yanawahusu wakubwa tu. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofunga KCSE mwaka 2027. Walio nyuma yao wako kwenye mtaala mpya, na darasa la kwanza la gredi ya 10 liliingia Januari 2026. Hao huchagua mkondo wakiwa gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mimi nilifunga mlango nikiwa na kumi na sita. Mdogo wangu ataulizwa akiwa na kumi na nne.

Baada ya mazungumzo mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, unataka msikiti ufanye kazi ya shule?" Nikamjibu, hapana mzee wangu. Nataka ustadh na mwalimu wa ushauri wajuane kwa majina. Mwalimu ana habari na hana muda, ustadh anamwona mtoto kila Jumamosi na hana habari. Watoto wetu katika shule nyingi za huku ni watano, sita, kumi, wametawanyika. Mwalimu hawezi kujua kwamba yule mtoto kimya wa nyuma anaogopa mkopo kwa ajili ya riba, mpaka mtu amwambie.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, baada ya Adhuhuri, kutakuwa na meza kwenye darasa la madrasa. Sisi wanachuo wanne tutakaa hapo na simu zetu na daftari. Walimu wawili wa ushauri wamekubali kuja, na mmoja wao si Mwislamu. Alisema hajawahi kualikwa. Ada ya maombi ya KUCCPS ni shilingi 1,500, na kuna sanduku la sadaka kwa ajili ya asiyekuwa nazo, hatutamuuliza maswali. Njoo na matokeo yako au karatasi ya kuchagua masomo, cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho kama unacho. Wa gerejini waje na nguo zao za kazi, hakuna neno. Na akina mama, tafadhali, wasichana wasiachwe nyumbani kuosha vyombo siku hiyo. Meza ni yao pia.