Mbung'o wa Unguja: Biolojia na Hesabu Zilipokutana

Mwaka 1994 ndege ndogo zilianza kupita juu ya Unguja zikiachia mbung'o, mdudu anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Walikuwa madume waliofugwa Tanga na kupigwa miale ya gama hadi wakawa tasa. Kufikia mwisho wa 1997 walishaachiwa zaidi ya milioni 8.

Kwa nini wengi hivyo? Wanabiolojia walijua kwamba jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na huzaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku 9 au 10. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Madume tasa wakiwa 9 kwa kila mzima 1, ni jike mmoja tu kati ya 10 atakayezaa. Kizazi kinachofuata wa porini wamepungua, lakini ndege zinaachia idadi ileile. Uwiano unapanda, na anguko linazidi kasi. Hesabu hii aliichapisha Mmarekani Edward Knipling mwaka 1955, naye alikuwa mtaalamu wa wadudu.

Sasa, mwanahesabu angekaa peke yake akawagawa mbung'o sawasawa kisiwa kizima, angekosea: wao hupenda kivuli na vichaka, kama vya msitu wa Jozani. Na mtaalamu wa wadudu, peke yake, angejua tabia zote za mbung'o asijue ni madume wangapi wanatosha. Mitego ndiyo iliyowaamulia: madume tasa walitiwa rangi, wakahesabiwa pamoja na wa porini. Mwaka 1996 alinaswa mbung'o wa mwisho wa porini.

Masikitiko yangu ni kwamba tunawatenga wataalamu hawa mapema mno. Kidato cha tano, mwanafunzi wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, anaiaga biolojia. Wa PCB, mwenye biolojia badala ya hesabu, mara nyingi anashukuru kuepukana na hesabu ngumu. Baadaye tunawataka wapambane na malaria kwa pamoja, hali hawaelewani.

Kijana unayenisikiliza, ukisoma hesabu, muulize mwanabiolojia: "Nimemdhania nini mdudu huyu ambacho si kweli?" Ukisoma biolojia, muulize mwanahesabu: "Nipime nini kitakachobadilisha jibu lako?" Muulizane kabla kazi haijaanza, maana data ikishakusanywa vibaya, hakuna hesabu itakayoiponya.