Herufi za Chapa na Amana ya Maandishi

Hotuba kwa jamaa wa Mafubira





Kalamu ina cheo kikubwa katika Uislamu, hata sura ya 68 ya Qurani yaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo wanavyuoni wa zamani waliihesabu sura ya herufi kuwa ni ilimu, wala si pambo tupu. Makusudio ya maneno haya ni kueleza herufi moja ya chapa iitwayo Amiri: asili yake, umbo lake, na manufaa yake kwa Waislamu wa Mafubira, na Jinja, na Mbale.

Asili yake ni hati ya naskhi. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anasifiwa kwa kuzipa herufi vipimo. Mizani yake ilikuwa nukta ya kalamu ile ile iandikayo. Alifu ilihesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu. Unene na wembamba wa mistari watokana na kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari: ikielekea huku huacha mstari mnene, ikielekea kule huacha mwembamba.

Ulipokuja mtambo wa kupiga chapa, kazi ilikuwa ngumu. Herufi za Kizungu husimama mbalimbali, kila moja mahali pake. Herufi za Kiarabu hushikana mikono, na moja yaweza kuwa na sura nne: ya mwanzo, ya kati, ya mwisho, na ya peke yake. Mpiga chapa alihitaji mamia ya vipande vya risasi. Matbaa ya Bulaq iliyoanzishwa Kairo mwaka 1820, ambayo yaitwa pia Al-Amiriya, ilipata ustadi mkubwa katika kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitengeneza naskhi nzuri mno, na kwa herufi hizo ulipangwa msahafu wa Kairo wa mwaka 1924, ulioenea katika nchi nyingi.

Hiyo ndiyo naskhi aliyoihuisha Khaled Hosny wa Misri kwa ajili ya kompyuta, akaiita Amiri. Hakuiga umbo tu, bali alihifadhi na adabu ya kuunganisha, hata herufi inayotangulia jimu huweza kupanda juu yake, kama aandikavyo khatati. Pamoja nayo zimo herufi za Kizungu zenye vijiguu kwenye ncha, ambazo nazo zafuata mwendo wa kalamu. Basi Kiarabu na Kiswahili hukaa katika ukurasa mmoja bila kugombana. Nayo hutolewa bure, wala mwenye kuitumia hadaiwi kitu.

Huenda mtu akauliza: yote haya yawahusu nini watu wa Busoga? Jibu ni kwamba Uislamu uliingia Uganda pamoja na kusoma. Mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna, na baadaye Kabaka Mutesa wa Kwanza akajifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kisha herufi za Kizungu zikashika nafasi, na leo wengi husoma dua kwa herufi hizo.

Hapo ndipo penye hatari. Kiarabu kina kafu na kina qafu. Qalbu ni moyo, na kalbu ni mbwa. Aandikaye zote mbili kwa "k" amemtia mwombaji katika neno asilolikusudia, naye hana habari. Nukta vilevile: ikiwa moja juu ya herufi ni nuni, zikiwa mbili ni ta, zikiwa tatu ni tha. Chapa mbovu ikizichanganya nukta, mtoto wa madrasa hujifunza kosa akilidhani ni Qurani. Tena yaonekana mabango ambayo Kiarabu chake kimekatika vipande na kupangwa kutoka kushoto, kwa kuwa kompyuta iliyotumiwa haikuwa na herufi zinazofaa.

Yafaa, basi, kila chama na kila madrasa ishike mambo matatu. Kwanza, aya zipigwe chapa kwa naskhi iliyo wazi, kubwa ya kutosha, na mistari ipewe nafasi ili fatha na kasra zisipandane. Pili, herufi za Kizungu ziwe msaada wa mwanafunzi kwa muda, wala zisiwe badala ya mwalimu. Tatu, kabla ya karatasi kwenda kwa mpiga chapa, mtu aliyehifadhi Qurani aisome harufu kwa harufu, msahafu ukiwa mbele yake. Herufi nzuri haimzuii mwandishi kukosea. Kazi yake ni kulifanya kosa lionekane, lipate kusahihishwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kuandika na wenye kusoma kuitunza amana hii. Amin.