Wakala wa Msomaji Aliye Mbali: Kivinjari na Maktaba ya Chuo Kikuu



Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu tenzi aghalabu si mkazi wa chuo. Ni mwalimu wa sekondari Songea au Lindi, ambaye humaliza masomo ya darasani kisha akarejea kituoni kwake kukusanya data na kuandika. Usiku, akiwa nyumbani, hutafuta makala ya jarida la Research in African Literatures katika hazina ya JSTOR, na kinachomjia ni ukurasa wa mwanzo pamoja na bei. Hapo hukata tamaa, au hutoa fedha zake mfukoni, au huandika mapitio ya maandiko bila kuigusa makala hiyo, na siku ya utetezi mtahini humwuliza kwa nini hakuisoma. La kusikitisha ni kwamba huenda chuo chake kimekwisha kuilipia. Haki ya kuingia anayo. Kilichokosekana ni mlango kumtambua.

Mada ya mhadhara huu ni utambuzi huo, jinsi kivinjari kinavyoweza kuandaliwa ili ufanyike, na maneno ya Kiswahili yanayofaa kuueleza. Mambo haya hayatenganiki. Maelekezo ya maktaba nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, na msomaji huyafuata kama mtu asomaye dua ya lugha asiyoijua: akikosea herufi moja hana njia ya kujua wapi alipokosea.

Hazina nyingi za majarida hazimwulizi msomaji jina lake. Huangalia anwani ya IP, yaani namba ambayo kila mtambo hutumia unapoingia katika intaneti. Maktaba na mchapishaji wanapotiliana saini mkataba, maktaba hukabidhi orodha ya anwani za chuo, na ombi lolote litokalo katika anwani hizo hupokewa kama la mwenyeji. Ndiyo maana mtu aliyeketi ndani ya jengo la maktaba hufungua makala bila kudaiwa nywila, akadhani ni bure kwa ulimwengu mzima. Akienda nyumbani na kutumia intaneti ya simu, anwani yake huwa ya kampuni ya simu, na machoni pa mchapishaji yeye ni mpita njia.

Dawa iliyobuniwa ni kuweka katikati mtambo wa chuo unaopokea ombi la msomaji aliye mbali, ukahakikisha jina na nywila yake, kisha ukaliwasilisha ombi kwa mchapishaji kwa anwani ya chuo na kumrudishia majibu. Wapo wauitao mtambo huu proksi, wapo waandikao seva mbadala, na wapo wapendeleao seva wakala. Tofauti hii si ya mapambo. Mbadala, kama katika nishati mbadala, ni kitu kitumiwacho pahali pa kingine. Mwanafunzi akisoma seva mbadala atafikiri kwamba maktaba imeweka pembeni ghala jingine la nakala, naye ataanza kulitafuta. Wakala ni mwenye kutenda kwa niaba ya mwingine. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, neno hili limekaa vinywani mwa watu wa mjini na wa shamba, na kila anayelitumia anajua mambo matatu: wakala lazima apatikane, lazima amtambue mteja, na huyaona yale anayokabidhiwa. Aliyefahamu hayo hahitaji kuonywa mara mbili kuhusu mawakala wa bure wanaojitangaza katika intaneti, ambao hakuna ajuaye wanafanya nini na nywila za watu.

Wanaisimu watauliza ngeli yake. Je, wakala aliye mtambo amekataa au imekataa? Umbo la seva wakala linaondoa mashaka, kwani upatanisho hufuata seva: seva wakala imekataa. Katika mazungumzo, hata hivyo, haitashangaza kusikia wakala amegoma, na hakuna sababu ya kumkosoa asemaye hivyo.

Ama kuhusu kivinjari, neno hili limelishinda kisakuzi katika matumizi, na asili yake inapendeza: kuvinjari kulihusishwa na chombo kinachozunguka baharini kikichunga. Katika kazi hii chombo hicho huambiwa kipite bandari gani. Njia ya zamani ni kuandika anwani ya wakala katika mipangilio ya mtandao ya kivinjari chenyewe. Ubaya wake ni kwamba kila ukurasa, hata wa gazeti, hupitia chuoni, na umeme ukikatika chuoni msomaji wa Lindi hafungui chochote, akalaumu kampuni yake ya simu. Mwaka 1996, Netscape Navigator toleo la 2.0 lilileta nafuu: faili la upangaji wa moja kwa moja. Hilo ni programu fupi ya JavaScript inayoulizwa kuhusu kila anwani, nayo hujibu kama ombi liende moja kwa moja au lipitie kwa wakala. Msomaji hubandika anwani ya faili hilo mara moja tu, na tangu hapo majarida hupita chuoni na mengine hushika njia zake. Ikumbukwe kwamba Firefox ina mipangilio yake yenyewe, ilhali Chrome na Edge katika Windows hufuata mipangilio ya kompyuta nzima. Wengi wamebadilisha pahali pasipohusika kwa kutojua hilo.

Maktaba nyingi zimeiacha njia hiyo na kutumia wakala anayeandika upya viungo. Programu iliyoenea zaidi, EZproxy, ilitolewa mwaka 1999 na kununuliwa na OCLC mwaka 2008. Hapa kivinjari hakibadilishwi kitu, ila sharti kikubali kuki, na msomaji aingilie katika ukurasa wa maktaba. Akianzia kwenye mtambo wa kutafutia, hata kama ana nywila sahihi, wakala hana habari naye. Vyuo vingine humtambulisha msomaji kwa jina la chuo moja kwa moja kwa mchapishaji, kwa utaratibu kama Shibboleth, na huko wakala hahitajiki kabisa.

Zipo kero ndogo ambazo vitabu vya mwongozo havizitaji. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ya saa imekufa hudhani kuwa ingali katika mwaka uliopita zamani, na kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya maktaba. Kusahihisha tarehe hutosha. Katika vibanda vya intaneti, nywila isihifadhiwe. Tena, apakuaye mamia ya makala kwa programu usiku mmoja huweza kumfanya mchapishaji akifungie chuo kizima, na wenzake mia wakakosa kwa pupa ya mmoja.

Kabla ya kuhangaika na mipangilio, mtafiti wa Kiswahili ajue pia kwamba si kila kitu kimefungwa. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, husomwa katika intaneti bila malipo wala wakala. Upande wa istilahi nao haujaanzia patupu: Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004. Hadi leo kilicho haba ni kurasa mbili tatu za maelekezo kwa Kiswahili katika tovuti ya kila maktaba, na kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili kama ilivyo ya mafundi.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Mipangilio ikiwa imekubali, ukurasa wa JSTOR huonyesha jina la chuo kilichotoa ruhusa. Jina lisipoonekana, msomaji afute kuki za tovuti hiyo, afunge kivinjari, kisha aanze tena kwenye ukurasa wa maktaba.